Rasimu ya Nne

Mimi ndiye niliyemchongea kalamu miaka kumi na mmoja,
manyoya ya bata bukini, bawa la kushoto,
maana Asahel Thrall alikataa katakata la kulia.
Wengine watawasimulia vita. Mimi nawasimulia wino.

Alizaliwa kwa fundi mapipa, penye mawe mengi kuliko udongo.
Baba alimfundisha kwamba pipa halina maneno:
linavuja, au halivuji.
Kwenye miaka kumi na saba akabeba mnyororo wa wapima ardhi,
wakaikata misitu kwa tarakimu,
kila jiwe la mpaka wakalichora herufi;
na wenye misitu, waliosimama kando wakitazama,
hakuwaandika popote.
Hilo aliniambia mwenyewe, uzeeni, bila kuulizwa.

Vikaja vita vya kumkataa mfalme.
Alirudi na goti lisilokunjika
na mazoea ya kusoma barua mara tatu kabla ya kuiamini.
Jimbo lilikuwa changa, halina hata muhuri;
nta tuliigongea kifungo cha koti lake.
Wakamchagua kuwa gavana
kwa sababu, nadhani, hakuahidi kitu.

Alikuwa gavana mzuri? Msinibane.
Alijenga madaraja mawili na gereza moja.
Alipunguza mshahara wake, kisha wangu.
Na alisahihisha: hotuba, sheria, hesabu ya kuni,
hata barua za mkewe Mehitabel kwa dada yake.
Neno kwake lilikuwa pipa,
sharti aligonge, asikilize.

Februari ile wakamkamata Jotham Pell,
fundi nakshi wa shaba, aliyechora noti za jimbo
vizuri kuliko jimbo lenyewe.
Hukumu: kitanzi, Ijumaa, saa nne asubuhi, ng'ambo ya mto.
Mkewe alitembea siku mbili kwenye theluji, mtoto mgongoni,
akasimama jikoni kwetu. Yeye hakulia;
viatu vyake ndivyo vilivyolia maji.
Gavana akasema: Zenas, andika. Tunamsamehe.

Nikaandika. Ilikuwa Jumatano, jioni.
Akafuta "kwa huruma", akaweka "kwa haki".
Rasimu ya pili: akaifuta "haki",
haki ndiyo iliyomhukumu, alisema.
Ya tatu ilikuwa na "busara". Mshumaa ukaisha.
Alhamisi adhuhuri tukarudi kwenye "huruma",
neno lile lile, mahali pale pale,
na mpanda farasi akaondoka na rasimu ya nne.
Usiku barafu ya mto ilipasuka.
Akafika ng'ambo Ijumaa, saa sita.

Aliyeumwa na nyoka huogopa ukuti.
Yeye aliogopa kufuta.
Watu wakasema amekuwa mwepesi, gavana wa vitendo,
wakamchagua tena, na tena.
Mimi nilimwona akitia saini sheria ya kuuza bonde la chini,
bonde lenye makaburi ya wale ambao hakuwaandika:
kurasa kumi na nne, na hakusoma hata moja.
Nilikohoa.
Akaniuliza kama nina mafua.

Amefariki Jumanne. Wanataka maneno ya kaburi,
na wameniletea mimi, kwa kuwa naujua mwandiko wake.
Mchonga mawe yupo mlangoni, kofia mkononi;
hutoza kwa herufi.
Rasimu ya kwanza ninayo, chini ya mashati, sandukuni.
Wino umekuwa rangi ya kutu.
"Kwa huruma" imepigwa mstari mmoja tu, mwembamba,
bado inasomeka.

Nimempa jina na miaka.
Akauliza: basi?
Nikamwambia asubiri.
Kisha nikausikia mto,
nikamwambia asisubiri.